Sura ya Sita: Moyo Uliojeruhiwa Unalipwa Shilingi Ngapi?

Usiku wa Januari 13, 2025, Segera wilayani Handeni, watu walitoka majumbani kwenda kusaidia. Ajali ilikuwa imetokea barabarani, na katika vijiji vilivyojipanga kando ya barabara kuu ya Chalinze, Segera hadi Korogwe, anayewahi kufika kwa kawaida ni jirani. Polisi na gari la wagonjwa hufuata baadaye. Wakiwa wamekusanyika pale, lori likawaparamia. Watu 11 walifariki, 13 wakajeruhiwa. Miaka miwili nyuma, Februari 2023, Magira Gereza wilayani Korogwe, Fuso na Coaster viligongana usiku. Coaster ilikuwa imebeba wafiwa waliotoka Dar es Salaam kwenda kuzika Rombo, mkoani Kilimanjaro. Wafiwa wakafiwa mara ya pili: watu wasiopungua 17 walipoteza maisha.

Baada ya ajali za namna hii hutangazwa hesabu mbili, ya waliokufa na ya majeruhi. Kuna watu wengine ambao hawaingii katika hesabu yoyote. Tumchukulie kijana wa bodaboda aliyesimama hatua chache kutoka pale lori lilipopita. Hakuguswa. Alisaidia kubeba miili, akafunika mmoja kwa koti lake la mvua, alfajiri akarudi nyumbani. Mwezi mmoja baadaye hawezi tena kupakia abiria jioni. Akisikia breki za upepo za lori anaruka pembeni ya barabara na kumwacha mteja akishangaa. Usiku anakaa mlangoni mpaka kunapambazuka. Mwisho pikipiki inarudishwa kwa mwenyewe kwa sababu hesabu ya siku haitimii. Kijana huyu hana hata fomu ya PF3, maana polisi huitoa kwa mtu mwenye jeraha, naye ukimtazama ni mzima.

Akimshitaki mwenye lori, mahakama impe nini, na kwa kipimo gani? Nitasema mapema ninachokiamini, ili msomaji anipime njiani. Sheria tuliyonayo Tanzania inatosha kumlipa kijana huyu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza swali sahihi. Tumezoea kuuliza mtu ameumia kiasi gani, swali ambalo halina jibu. Linalojibika ni hili: maumivu haya yamemwondolea nini, na atahitaji nini ili arudi kuwa mtu aliyekuwa?

Katika kesi za madai ambamo mtu anadai kwa sababu mwenzake amemdhuru, kwa uzembe au kwa makusudi, mahakama zetu hugawa fidia katika mafungu mawili. La kwanza ni fidia mahsusi: gharama za hospitali, nauli ya kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, pikipiki iliyopondeka, siku za kazi zilizopotea. Hapa sheria ni kali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapwa katika taarifa za sheria za 1992, na unaotajwa katika hukumu hadi leo, fidia hii lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai kisha ithibitishwe kikamilifu. Bila risiti au ushahidi unaokaribia risiti, hupati.

La pili ni fidia ya jumla, na humo ndimo moyo unamohifadhiwa: maumivu, hofu, fedheha, usingizi uliopotea, furaha ya maisha iliyokatika. Hapa hakuna anayekuomba risiti. Kiasi kinaachwa kwa busara ya hakimu au jaji, na hati nyingi za madai humaliza suala zima kwa mstari mmoja ulio mwishoni, ukiomba fidia ya jumla kama mahakama itakavyoona inafaa. Mdai husimama kizimbani akaeleza ajali ilivyotokea, gari lilikuwa la nani, dereva alikuwa mwendo gani. Kuhusu maisha yake baada ya ajali huulizwa maswali mawili matatu, tena kwa haraka. Hukumu inapotoka imeandika kwamba mdai alipata usumbufu na maumivu ya akili, anapewa milioni kadhaa. Kwa nini milioni hizo na si nusu yake au mara tatu yake? Hakuna aliyesema.

Mahakama ya Rufani imekwisha kuonya mara kadhaa kwamba busara ya jaji katika fidia ya jumla haimwondolei wajibu wa kutoa sababu zinazotokana na ushahidi uliomo katika jalada. Hukumu isiyo na sababu inamwacha mshindi pabaya. Mahakama ya rufaa hugusa kiasi cha fidia pale tu jaji wa kwanza alipotumia kanuni isiyo sahihi, au kiasi kilipokuwa kikubwa mno au kidogo mno kupita mipaka. Kiasi kilichotupwa bila maelezo ni rahisi kukishusha, kwa kuwa hakina nguzo ya kukishikilia. Wako watu walioshinda Korogwe, wakasherehekea, kisha wakapoteza sehemu kubwa ya walichopewa kwenye rufaa Tanga. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ni kwamba hayakuandikwa popote.

Lakini kabla ya kufika kwenye kiasi, kijana wetu ana kikwazo kingine. Hakuguswa na lori. Je, sheria inamtambua kabisa?

Hapa hatuna budi kupita Uingereza, kwa sababu sheria ya uzembe tunayoitumia ilitoka huko. Sura ya 358 ya sheria zetu inasema mahakama zitatumia sheria ya Uingereza inayotokana na maamuzi ya majaji kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Ya kabla ya tarehe hiyo tuliyarithi. Yaliyofuata yana nguvu ya kushawishi tu. Mwaka 1888, katika shauri lililotoka Australia, majaji wa Baraza la Faragha la London walikataa kabisa kumlipa mwanamke aliyepata mshtuko gari la farasi alilopanda lilipokaribia kugongwa na treni. Waliogopa kwamba wakifungua mlango huo, kila mtu angekuja kudai hofu. Mwaka 1901 mahakama ya London ikalegeza: mhudumu wa baa, mjamzito, alipatwa na mshtuko gari la farasi lilipoingia hadi ndani ya baa, na ikakubalika kwamba anaweza kudai kwa kuhofia maisha yake mwenyewe. Uamuzi huo ni wa kabla ya 1920. Kwa hiyo kijana wa Segera aliyesimama hatua chache kutoka kwenye lori lililoacha njia, akaona kifo chake kinakuja, ana mguu wa kusimamia katika sheria yetu wenyewe.

Yaliyofuata kule yalienda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1967 mahakama ya Uingereza ilikubali madai ya mtu aliyetumia usiku kucha ndani ya mabehewa yaliyopondeka kuokoa majeruhi wa ajali ya treni ya Lewisham ya 1957, ambamo watu 90 walikufa, naye akaharibikiwa akili baada ya hapo. Alikuwa jirani tu, mkazi wa mtaa wa karibu na reli. Anafanana na watu wa Segera kiasi cha kustaajabisha. Lakini baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilibana mwaka 1991: ndugu wa waliokufa wanaodai kwa mshtuko lazima waonyeshe ugonjwa wa akili unaotambulika kitabibu, ukaribu wa mapenzi na marehemu, na kwamba waliona au kusikia tukio kwa macho na masikio yao, si kwenye televisheni. Mzazi, mtoto na mume au mke hudhaniwa kuwa wana mapenzi hayo. Ndugu wa tumbo moja hadhaniwi. Mtu mmoja aliyekuwa uwanjani siku ile na kupoteza kaka zake wawili alishindwa, kwa kuwa hakuleta ushahidi kwamba aliwapenda.

Tuiweke kanuni hiyo Handeni. Wazigua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana nafasi ambayo Mwingereza hana jina lake. Mtoto wa dada yake akifa, mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu. Na katika kijiji chochote cha wilaya hizi mbili, Handeni na Korogwe, utamkuta bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam wakitafuta. Bibi huyu akimwona mjukuu wake akigongwa akivuka barabara kwenda shule, tumwambie alete kwanza ushahidi kwamba alimpenda?

Hatulazimiki. Kifungu kilekile kilichotuletea sheria ya Uingereza kinasema itatumika kwa kadiri tu mazingira ya nchi na watu wake yanavyoruhusu. Mwaka 1955, katika shauri lililohusu daraja la Nyali, Mombasa, Jaji Denning alieleza kwamba sheria ya Uingereza ni kama mti wa kwao, mwaloni: ukiupanda Afrika usitarajie uote na kusimama vilevile, utahitaji kutunzwa na kupogolewa kufuata udongo wa hapa. Ni maneno ya jaji Mwingereza akiwa London, na mahakama zetu zina haki ya kuyashika kwa uzito wote. Orodha ya wapendwa iandikwe upya kwa kufuata jinsi watu wa hapa wanavyoleana. Na suala la macho na masikio nalo lifikiriwe upya, kwa sababu siku hizi picha za ajali huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ndugu hawajapigiwa simu, na mama anaweza kuitambua nguo ya mwanawe akiwa jikoni, kilomita 300 kutoka pale.

Denning huyohuyo, miaka 15 baadaye, alitoa hukumu inayonisumbua. Mama mmoja alikuwa amevuka barabara na mtoto wake mmoja kuchuma maua, familia ikiwa imepumzika upande wa pili, kwenye matembezi. Gari lililopasuka tairi likawagonga mumewe na watoto wakati yeye anatazama. Mume akafa, watoto wakaumia. Mahakama ilithibitisha pauni 4,000, lakini ikasisitiza kwamba huzuni ya kufiwa hailipwi. Inayolipwa ni ile sehemu ya ugonjwa iliyosababishwa na kushuhudia. Majaji wakalazimika kukadiria mama huyu angehuzunika kiasi gani kama angepewa habari tu akiwa nyumbani, kisha wakaitoa huzuni hiyo kwenye jumla. Nimelisoma shauri hilo nikijaribu kuona ni nani duniani angeweza kuifanya hesabu ya kutoa ya namna hiyo kwa haki. Sijamwona. Waingereza wenyewe waliishia kuweka kiasi maalumu kwa msiba: kwa vifo vya kuanzia Mei 2020 ni pauni 15,120, kwa ndugu wachache wanaotajwa katika sheria. Kwetu, Sura ya 310 inayohusu vifo vya ajali huangalia zaidi kile wategemezi walichokuwa wakikipata kutoka kwa marehemu. Mzee aliyestaafu kazi ya mkonge, asiye na kipato, akifa barabarani, kwa hesabu hiyo hajaacha pengo kubwa.

Ipo sheria nyingine inayothubutu kuulipa moyo, na watu wa Chanika, Mkata, Mombo na Magoma wanaijua bila kufundishwa na wakili. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Hii ni kesi ya ugoni, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kuisikiliza. Kifungu cha 74 kinafundisha namna ya kupima. Kinamkataza hakimu kuongeza chochote kwa nia ya kumwadhibu mgoni, kinamtaka aangalie mila za jamii ya wahusika, na kinamtaka aulize kama mume na mke walikuwa wakiishi pamoja au wamekwisha kutengana. Hakuna mahali hakimu anapotakiwa kukisia mume analia kiasi gani. Anaelekezwa kutazama kile kilichokuwepo na kikavunjwa: nyumba ilikuwa imesimama, au ilikwisha kuanguka zamani? Wengi wanaiona sheria ya ugoni kama mabaki ya enzi za kununua heshima ya mwanamume. Mimi naona kwamba kifungu cha 74, kwa mistari yake michache, kina akili ya upimaji kuliko hukumu nyingi za ajali.

Hatua chache nyuma, katika sheria hiyohiyo, kifungu cha 69 kinafanya kinyume. Mtu akivunja ahadi ya ndoa unaweza kumshitaki, lakini huwezi kupata zaidi ya hasara uliyoingia kwa maandalizi. Ukumbi, sare, kadi, gharama za kamati: hizo utarudishiwa. Binti aliyeachwa wiki ya sendoff, ambaye sasa hawezi kupita sokoni Manundu bila kunong'onwa, kwa machozi yake hapewi hata senti moja. Bunge liliamua kwamba hofu ya kushitakiwa isimsukume mtu kuingia katika ndoa asiyoitaka. Nakubaliana na uamuzi huo. Lakini tuseme ukweli kwamba ni uamuzi wa sera, na kwamba ugumu wa kupima haukuwa sababu, maana kurasa chache mbele Bunge lilelile linawaagiza mahakimu wapime uchungu wa ndoa iliyochafuliwa.

Nataka sasa kukaa kidogo kwenye ardhi, ingawa fidia ya ardhi si kesi ya madhara kwa maana ya wanasheria. Wilaya hizi mbili zimeona watu wengi wakihamishwa katika miaka ya karibuni. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Na tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, Handeni, kimepokea familia za wafugaji zilizohamishwa kutoka Ngorongoro, zikapewa nyumba na mashamba, huku baadhi ya waliokuwepo Msomera kabla wakilalamika kwamba ardhi waliyoitumia wamepewa wengine. Kuna maumivu ya pande zote mbili hapo, na sheria inayaona kupitia tundu dogo sana.

Tundu hilo ni posho ya usumbufu. Kanuni za 2001 za ukadiriaji wa fidia ya ardhi zinaitaja kama sehemu ya malipo ya mtu anayetwaliwa ardhi, na zinatoa njia ya kuikokotoa: chukua thamani ya ardhi, zidisha kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana ya miezi 12. Shamba likithaminiwa milioni 8 na riba ikiwa asilimia 8, usumbufu wako ni Sh640,000. Mwenye shamba la milioni 80 atasumbuka mara kumi. Bibi aliyezaliwa pale, akaolewa pale, akazika waume wawili pale, akiwa na ekari moja ya mihogo isiyo na thamani sokoni, kwa kipimo hiki karibu hasumbuki. Najua kwa nini mkadiriaji anaipenda fomula hii. Inakokotolewa mezani kwa dakika moja na haibishaniwi. Lakini kitu pekee inachokipima ni pesa, na watu wenye uhusiano mrefu zaidi na ardhi mara nyingi ndio wenye ardhi ya bei ndogo zaidi.

Linganisha na Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya 1969. Serikali ikitaka ardhi yenye makaburi, inawalipa ndugu gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko na ibada za kutuliza zinazoandamana na kazi hiyo. Fidia inaishia hapo. Mtu anaweza kuiona sheria hii bahili. Mimi naiona ndiyo yenye busara kuliko zote nilizozitaja. Watunzi wake walijua kwamba kumhamisha marehemu kunawajeruhi walio hai, wakajua pia kwamba jeraha hilo halina bei. Basi wakauliza: watu hawa watafanya nini ili mioyo yao itulie? Wataita wazee, watachinja, watasoma dua au khitma, watalisha watu. Hayo yana gharama, na gharama inajulikana kijijini. Lipa hiyo.

Hicho ndicho kipimo ninachokitetea kwa kijana wa bodaboda. Huko Marekani mawakili na kampuni za bima wana mazoea ya kuchukua gharama za matibabu na kuzizidisha, pengine mara moja na nusu, pengine mara tano, kupata fidia ya maumivu. Ukiileta njia hiyo Korogwe, aliyetibiwa kwa panadol na ushauri katika zahanati atalipwa mara tano ya panadol. Uingereza wana kitabu cha miongozo, kilichoanza 1992, kinachotaja viwango vya chini na vya juu kwa kila aina ya jeraha, la mwili na la akili. Kenya, kwa aliyekufa papo hapo, mahakama zimezoea kiasi kisichoyumba sana, kama Sh100,000 za huko, kwa kupunguziwa umri wa kuishi. Viwango vina faida ya usawa: watu wawili wenye jeraha moja hawapati tofauti kwa sababu tu ya hakimu waliyempata. Lakini kiwango kinasaidia pale ushahidi unapokuwepo wa kumweka mtu juu au chini ya ngazi. Tusipokusanya ushahidi, tutakuwa na ngazi tu.

Na ushahidi wenyewe si wa ajabu. Kesi ya uzembe huanzia Mahakama ya Wilaya, huendeshwa kwa Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa 2021, na hakuna sababu ya shahidi kushindwa kueleza maisha yake. Tazama maswali haya, ya kubuni, kwa mama muuza vitumbua aliyenusurika ajali:

– Mama, kabla ya ajali ulikuwa unaamka saa ngapi?

– Saa kumi alfajiri. Nikawahi basi za kwanza pale stendi.

– Unapika vitumbua vingapi?

– Ndoo moja ya unga. Siku ya gulio, mbili.

– Na siku hizi?

– Siku hizi sifiki stendi, baba. Nikiiona basi inaingia, miguu inakufa ganzi. Napikia nyumbani, mwanangu anapeleka, kisahani kimoja.

– Mwanao yuko darasa la ngapi?

– La sita. Anachelewa shule.

Baada ya hapo anaitwa jirani, aeleze kilio anachokisikia usiku ukutani kwake. Anaitwa mwalimu na daftari la mahudhurio. Anaitwa mwenye genge aliyekuwa akimkopesha unga, aseme zamani alichukua kiasi gani na sasa anachukua kiasi gani. Hakuna hata mmoja wao aliyesema mama huyu ana huzuni nyingi. Lakini hakimu sasa ana ndoo ya unga iliyogeuka kisahani, ana mtoto anayechelewa shule, ana usiku unaosikika kwa jirani. Anaweza kuandika aya tatu za sababu, na aya hizo zitasimama hata mbele ya Mahakama ya Rufani.

Anakosekana mtaalamu, na hapa Korogwe ina bahati ambayo wilaya nyingi za nchi hii hazina. Juu ya milima, Lutindi, ipo hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani waliianza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili; hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha namna hiyo Afrika Mashariki. Sheria yetu ya ushahidi inapokea maoni ya wataalamu. Mtu mwenye kiwewe kilichogeuka ugonjwa anaweza kuchunguzwa, akatibiwa, na cheti chake kikaeleza jina la ugonjwa, ulianza lini, matibabu yatachukua muda gani. Gharama ya miezi hiyo ya matibabu, nauli ya kupanda mlima na kushuka, kipato kitakachokosekana: hiyo ndiyo sakafu ya fidia ya moyo, na yote yanahesabika. Juu ya sakafu hiyo hakimu ataongeza kwa busara yake, kwa ajili ya yale ambayo hayatarudi hata baada ya matibabu. Hapo bado atakisia. Lakini atakisia juu ya kitu.

Kikwazo kikubwa hakiko mahakamani. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3, lakini madai mengi hufia mapema zaidi, katika karatasi ya bima. Gari la biashara lina angalau bima ndogo, na bima inapokubali kulipa humletea mdai hati ya kusaini. Mara nyingi hati hiyo inasema kwamba kwa kupokea kiasi hiki anaachilia madai yote yanayotokana na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana. Jeraha la mguu siku hiyo linajulikana. Jeraha la akili linaweza kujitokeza baada ya miezi. Mjane wa Kiislamu wa Handeni yuko ndani ya eda kwa miezi 4 na siku 10, watu wanaingia na kutoka, ndugu wa mume wanataka pesa zipatikane ili arobaini ifanyike kwa heshima. Karatasi ikimfikia wakati huo, atasaini anapoonyeshwa. Anayeweza kumsaidia ni yule ndugu anayejua kusoma hati: akiona maneno hayo ya kuachilia madai yote, aombe kwa maandishi malipo ya matibabu na mazishi peke yake yatolewe sasa, na madai ya maumivu yabaki wazi mpaka mama atakapotoka eda na kuonwa na daktari. Bima ikikataa, ndugu huyo achukue nakala, aandike tarehe na jina la aliyeileta, na asimruhusu mama asaini siku hiyo.